Drami ya Kushoto ya Bi Mkubwa

Gari la baba lilikuwa na breki za aina mbili: honi na dua. Honi ilikuwa yake, dua ilikuwa ya mama. Ushirikiano huo ulifanya kazi vizuri kuliko mashirika mengi ninayoyajua, hadi asubuhi ile baba alipokata kona ya kuingia kwetu, akapiga honi, mama hakuwemo garini kuomba, na gari likaenda kusimama barazani kwa fundi cherehani. Meza ya kukatia vitambaa ilisukumwa hadi ukutani. Cherehani ilibaki imesimama. Fundi cherehani naye alibaki amesimama, futi shingoni, mkasi mkononi, akizitazama taa za mbele za gari kwa ukaribu ambao hakuna mteja aliyewahi kumpa.

Baba alishuka, akafunga mlango taratibu kama kawaida yake, akasema, "Breki."

Mtaa mzima ukakubali kwamba ni breki. Watu wetu ni waungwana. Hakuna aliyeuliza kwa nini usukani ulikuwa umegeuzwa kuelekea barazani, wala kwa nini mtu ambaye breki zimemkatikia alishuka akishangaa kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Walisukuma gari hadi uani kwetu, wakampa baba pole, na fundi cherehani akahamishia meza yake ndani, upande wa mbali na barabara.

Gari lenyewe baba analiita Bi Mkubwa. Alikuwa nalo kabla ya kumwoa mama, jina alilipa mwenyewe, na mama ameibeba dharau hiyo kwa subira ya mke wa pili. Ni gari la enzi zile bati lilipokuwa bati. Milango yake ni mizito kama ya benki, nyuma kumeumuka kama mtu aliyekalia mto, dashibodi ni ya mbao, na hendibreki yake haiko katikati ya viti kama ya magari ya leo. Ni kirungu kilichojificha chini ya dashibodi, unakivuta kama unang'oa muhogo. Ukisimama nje ya gari hukioni, na hata ukiwa ndani ni lazima uinamishe kichwa.

Mimi ni fundi wa magari. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kujisifu nina njia nyingine. Gereji niliyonayo aliianzisha baba, spana ninazoshika zimelainishwa na viganja vyake, na tangu aliponiachia hakuna gari lililoingia kwangu kwa kuvutwa likatoka kwa kuvutwa. Waulize watu. Wakikwambia vinginevyo, niletee majina yao.

Jioni ya siku hiyohiyo mama aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele, na mama akichambua mchele ambao ulishachambuliwa, ujue kuna kesi.

"Baba yako anataka utengeneze breki za nyuma," alisema.

"Ameshaniambia."

"Usitengeneze."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ufungue," akaendelea, "upigepige nyundo, ujipake grisi, halafu useme imeshindikana. Sema limekufa. Si wewe ndiye daktari wake? Daktari akisema mgonjwa amekufa, nani atabisha?"

"Mgonjwa mwenyewe atabisha, mama. Hizo ni breki tu. Pale gereji tunazifungua huku tunapiga mluzi."

"Mwanangu, ugonjwa si breki. Ni macho. Juzi alinisalimia pale mlangoni akidhani mimi ni jirani. Alinisalimia kwa heshima mno, ndiyo nikajua hakunikusudia mimi."

"Basi mwambie."

Akaweka ungo chini. "Nimwambie nani? Baba yako huyu ninayemjua mimi? Nikimwambia haoni, ataendesha gari amefumba macho ili anionyeshe. Lakini gari likigoma lenyewe hana wa kugombana naye. Tutalisogeza kule nyuma, kuku walale humo."

"Kwa hiyo unataka nisimame mbele za watu niseme breki zimenishinda."

"Neno moja tu, baba."

"Hilo neno sina, mama. Nimejipapasa mifukoni, sina."

Akauokota ungo wake. "Umerithi kila kitu cha yule mzee isipokuwa gari," alisema.

Kazi tuliifanyia uani, kwa sababu baba hakubali Bi Mkubwa alale gereji pamoja na magari ya watu. Jumamosi nilifika mapema na sanduku la vyuma. Baba alishaketi kwenye kiti chake cha kamba, mikono kifuani, kama mwenyekiti wa kikao. Na shemeji yangu, mume wa dada, alishafika pia, bila kualikwa, na kikombe cha chai mkononi. Shemeji anauza majokofu dukani, na kwa sababu hiyo anajua kila kitu. Tunamwita Mtaalamu. Tulimvika kilemba hicho cha ukoka zamani, kikamkaa sawasawa, na hajawahi kukivua.

"Shemeji," akaniambia kabla hata sijainama, "kwenye simu nimeona jamaa anabadilisha breki hizi kwa muda mfupi kuliko wa kupika yai."

"Mwite aje," nikasema. "Na yai lake."

Nikaanza na gurudumu la kulia. Unaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele ili gari lisijaribu kutoroka. Unaliacha ndani ya gia na hendibreki umeivuta, ekseli isizunguke, ndipo unalegeza nati kubwa ya katikati, unainua nyuma ya gari juu ya stendi za chuma, unatoa gurudumu. Gari la leo gurudumu likishatoka drami inavutika kwa mkono. Bi Mkubwa hana tabia hizo rahisi. Drami yake, lile sufuria zito la chuma linalofunika breki, limekaa juu ya ekseli kama kofia ya mtu mbishi, na halitoki kichwani mpaka lilazimishwe kwa pula, chuma cha kuvutia chenye miguu mitatu. Nati huiondoi yote. Unaiacha imeshika kidogo kwenye ncha, kwa sababu drami ikiachia huachia kama mzinga, na magoti yangu nayapenda. Halafu unaishusha hendibreki, ili lainingi, zile pedi za ndani zinazobana gari lisimame, zisiendelee kuikumbatia drami, unakaza pula, unagonga kichwa chake kwa nyundo, unasubiri.

Paa. Ikatoka.

Niliona baba amestuka kitini. Nikafikiri ni furaha.

Ndani mlikuwa na hali ya kusikitisha. Lainingi zilikuwa zimelika hadi vichwa vya ribiti zinazozishikilia vikawa vinang'aa kama meno ya dhahabu, na silinda ndogo ya breki ilikuwa inatokwa jasho la mafuta. Vumbi la lainingi za zamani halipulizwi, linafutwa kwa kitambaa kilicholowa. Baba enzi zake alilipuliza kwa mdomo, na kikohozi chake cha asubuhi ndicho cheti alichopewa. Nikafuta. Nikabadilisha mipira ya silinda, nikaweka lainingi mpya, nikarudisha springi ambazo zina hasira kuliko mimi, nikaipiga msasa drami kwa ndani, nikafunga.

"Upande mmoja tayari," nikatangaza.

"Tayari kabisa?" baba akauliza.

"Kabisa."

"Haikuwa na shida yoyote?"

"Baba, mimi nimefundishwa na wewe."

"Ndiyo," akasema. Sijawahi kusikia mtu akiikubali sifa kwa sauti ya msiba namna ile.

Nikahamia kushoto. Nikavuta hendibreki, nikalegeza nati kubwa, nikaishusha hendibreki. Nakumbuka nimeishusha, mkono wangu unakumbuka. Dada akatoka kutuita chakula. Nikanawa, nikaingia ndani, na baba akasema yeye atakula baadaye, anataka kusikiliza taarifa ya habari. Redio ya nyumbani ilikuwa mezani, inaongea. Lakini baba husikiliza taarifa ya habari ndani ya Bi Mkubwa, kwenye redio ya Bi Mkubwa, tangu nikiwa mtoto. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona amepanda, ameketi nyuma ya usukani wa gari lililo juu ya stendi, amefunga mlango taratibu.

Niliporudi na tumbo langu limeshiba, drami ya kushoto ikagoma.

Nilikaza pula mpaka miguu yake mitatu ikaanza kulia. Nikagonga. Nikamimina mafuta ya kulainisha kutu, nikasubiri, nikagonga tena. Nikachemsha maji nikaimwagia. Nikazungumza nayo kwa lugha iliyomfanya dada amfunike mtoto wake masikio. Haikutikisika. Watu walianza kukusanyika kwenye ukuta wa ua, kwa sababu mtaa wetu hauna sinema. Fundi cherehani alikuja na nguo ya mteja mkononi, anashona pindo huku anatazama, na kila nyundo ikishindwa namwona uso unamchangamka.

"Shemeji," Mtaalamu akasema, "hapa simu inasema upake soda."

"Paka chai yako, shemeji."

"Inasema pia mafundi wengi hawajui kwamba..."

"Soma kimoyomoyo."

Jua lilipoinama nilikuwa nimekaa chini, kiganja kimechubuka. Mama akaja na maji ya kunywa na bakuli limefunikwa, na humo kipande cha nyama ambacho kwa kawaida ni cha baba peke yake. Akainama sikioni kwangu.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akanong'ona. "Hata mimi nimeamini. Na ule mkono umeuchubua kabisa, mweh, unajua kuigiza wewe."

Sijui kama umewahi kupongezwa kwa kushindwa na mtu anayedhani unajifanya kushindwa. Ile nyama niliila. Lakini niliila kwa chuki.

Pale ukutani walishaanza kunihurumia, na huruma ya watu wa ukutani ni tusi lililokunjwa vizuri. Mmoja akasema magari ya zamani yana mambo yake. Mwingine akasema hata fundi mzuri hukutana na lake. Hata fundi mzuri. Shemeji akamwambia baba kwa sauti ya kufariji, "Baba, gari limetumika, limechoka, si aibu," na baba akatikisa kichwa kwa majonzi, akasema kama imeshindikana, basi, afanyeje, yeye hawezi kushindana na chuma. Alisema hivyo kwa wepesi. Mtu niliyemwona akishindana na chuma maisha yangu yote, akiwa amelala chini ya malori na mvua inamnyeshea miguuni, leo hawezi kushindana na chuma. Nilikuwa na hasira mno, sikusikia.

Jumapili asubuhi nilirudi peke yangu kabla watu wa ukutani hawajaamka kuchukua nafasi zao. Nilitandika gunia nikaingia chini ya gari, nikitaka kuitazama drami kwa upande wa nyuma, huenda kuna skrubu nimeisahau. Ndipo nikauona waya wa hendibreki. Unapita chini ya tumbo la gari kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma, na hendibreki ikiwa chini waya huo unatakiwa kulegea. Nikaugusa kwa kidole. Ukalia kama uzi wa gitaa.

Nikalala pale nikiutazama. Jumamosi nzima nilikuwa navuta drami ambayo lainingi zilikuwa zimeikumbatia kwa ndani. Hata ningeleta trekta. Na kwa kuwa gari lilikuwa ndani ya gia, drami isingezunguka vyovyote vile, hivyo sikuwa na sababu ya kushuku. Kosa kama hilo likimpata mteja, mimi hulisimulia mwezi mzima.

Nikatambaa, nikaingia ndani ya gari, nikaishusha hendibreki. Kwanza nikamfikiria mama. Halafu nikakumbuka kwamba mama hajui hendibreki iko wapi. Akipanda Bi Mkubwa hukaa nyuma, amefumba macho, anaomba. Nikarudi chini kukaza skrubu za pula, na nikiwa huko nikasikia mlango wa nyumba.

Ndala za baba zikaja, moja ina kamba nyekundu ya kushonea. Zikasimama kando ya gari. Zikasikiliza. Halafu mlango wa Bi Mkubwa ukafunguliwa, mguu mmoja ukapanda, wa pili ukapanda, na gari zima likatulia juu ya stendi zangu, na mimi chini yake, nikizishukuru stendi hizo moja baada ya nyingine. Redio ikawaka. Na pale juu ya pua yangu, waya uliokuwa umelegea ukanyooka taratibu, ukakaza.

Nikaugusa tena, ukalia.

"Baba," nikasema.

Redio ikazimwa.

"Nani?"

"Fundi wako."

"Uko wapi?"

"Nimelala chini yako."

"Nilikuwa nataka kusikia taarifa ya habari," akasema.

"Na hendibreki inasomaje habari?"

Ungedhani ningetoka pale kwa hasira, na nilikusudia hivyo, lakini ni vigumu kutoka chini ya gari kwa hasira. Unatoka kwa mgongo. Nikabaki nimelala. Tuliongea hivyohivyo, yeye juu na mimi chini, sakafu ya bati katikati yetu, na nadhani bila sakafu hiyo tusingeongea kabisa.

"Ile meza ya fundi cherehani," baba akasema mwishowe. "Sikuiona."

"Ilikuwa barazani, baba."

"Hata hilo baraza sikuliona. Niliona kitu cheupe nikadhani ni barabara. Yule mtu alikuwa ameshika mkasi. Nilimwona nilipokwisha kusimama. Kama asingesogea hatua ile moja..."

Nikasikia kiganja chake kinapapasa usukani, huku na huku.

"Kwa nini usiseme tu kwamba huendeshi tena?"

"Kwa nani? Kwa shemeji yako? Aniambie si aibu? Ameshaniambia jana kwa ajili ya gari, nikajua na mimi ataniambia kwa sauti ileile. Nikisema macho, kesho nitashikwa mkono kwenda msalani. Lakini gari likikataa, ni gari. Mtu mwenye gari bovu bado ni mtu mwenye gari."

"Na mimi je? Mimi nionekane nimeshindwa na drami, mbele ya mtu anayeuza majokofu?"

"Wewe bado kijana. Utapona."

"Baba."

"Nilijua kusema huwezi," akasema. "Ndiyo maana nikakusaidia. Nilitaka ishindikane bila wewe kulazimika kusema."

Niliwaza kumwambia kwamba mama naye anataka kitu hichohicho. Kwamba ndani ya nyumba moja watu wawili wanakula njama moja, kila mmoja kwa siri, na wote wameniteua mimi kuwa mjinga wa kuitekeleza. Nikamwambia.

"Usimwambie kwamba tumekubaliana," akasema. "Mama yako akijua kwamba nataka anachotaka yeye, nitaishi vipi?"

"Baba, shusha hendibreki."

"Sema kwanza utafanya nini."

"Sijui. Lakini drami hii naitoa. Hilo jingine tutalitazama ikishatoka."

"Una kiburi," akasema.

"Nimekipata wapi?"

Waya ukalegea. Nikatoka, nikajipangusa, nikagonga kichwa cha pula mara moja, kwa nguvu yote ya Jumamosi. Paa. Mbwa wa jirani akabweka, dada akatoka mbio na kanga kifuani, na watu wa ukutani wakaja wanafunga vifungo. Fundi cherehani alipoiona drami imelala chini, uso ukamporomoka.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Lainingi mpya, springi, msasa, funga. Halafu ilibidi kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, na kwa kazi hiyo lazima mtu akae juu akanyage pedali wakati fundi yuko chini anafungua kiskrubu na kukifunga. Mtaalamu akajitolea. Baba akamwambia hakuna mguu wa mtu mwingine kwenye pedali ya Bi Mkubwa.

"Kanyaga," nikamwambia. "Shikilia. Achia. Kanyaga."

Kila alipokanyaga, mapovu yalipungua, na pedali ikawa ngumu zaidi chini ya mguu wake. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Miguu hiyo imekanyaga breki nyingi kuliko kurasa alizosoma. Alijua breki zinapona, alizisikia zinapona, na kila mara niliposema kanyaga alichelewa kidogo zaidi, kama mtu anayesaini hati ya kujihamisha.

Nikashusha gari chini. Nikafunga sanduku langu.

"Haya baba," Mtaalamu akasema, simu mkononi, tayari kupiga picha. "Kazi kwako. Tuone."

Ukuta mzima ukainua shingo. Mama alikuwa mlangoni, na jicho alilonitupia sitalirudia hapa. Fundi cherehani alishaondoka kwa haraka kwenda kuokoa kilichobaki barazani. Baba alisimama kando ya mlango wa dereva, ufunguo mkononi, shati limenyooshwa, akitazama lango la ua. Namna alivyolitazama ndiyo iliyonimaliza. Alikuwa analitazama kwa kukadiria, kama mtu anayekumbuka mahali vitu vilipo.

Akanyoosha mkono kwenye kitasa. Mkono ukapita pembeni ya kitasa, ukarudi, ukakipata.

"Baba, samahani," nikasema. "Huendeshi."

Watu wote wakanigeukia. Baba pia, na usoni mwake niliona kitu ambacho sitaki kukiona tena kwa mtu mzima.

"Siyo wewe tu," nikaendelea, na hapo nilikuwa sijui sentensi inayofuata itatoka wapi. "Haendeshi mtu yeyote. Lainingi ni mpya. Lainingi mpya haziendeshwi na mtu mwingine isipokuwa fundi aliyezifunga. Zinashika mguu. Mguu wa kwanza ndio unaozifundisha, na ukizichanganyia miguu zinaharibika, zinavuta upande mmoja. Kwa gari la zamani hasa."

Sasa, lainingi mpya huzoeshwa, hilo ni kweli. Unaziendesha polepole, unafunga breki kwa upole, siku chache basi. Yaliyobaki niliyatunga pale, mdomo ukitangulia na kichwa kikifuata nyuma kinahema.

Mtaalamu alishaanza kusugua kioo cha simu. "Shemeji, hapa wanasema kuzoesha ni safari fupi tu. Hakuna mahali wanaposema habari za mguu."

"Hao wanazungumzia magari ya siku hizi."

"Hapana, nimeandika kabisa gari la zamani, breki za drami, na wanasema..."

"Anasema kweli," baba akasema.

Alisema kwa sauti yake ya gereji, ile ambayo sikuwa nimeisikia kitambo. Mtaalamu akainua macho.

"Mtoto anasema kweli," baba akarudia. "Hata mimi nilifundishwa hivyo. Ni mguu mmoja. Niliwahi kumwachia mtu gari kabla lainingi hazijazoea, likawa linavuta kushoto mpaka likauzwa." Akanitazama, hakupepesa. "Nilisahau kwamba nilikufundisha hilo."

"Ulinifundisha, baba."

"Na inachukua muda gani?" Mtaalamu akauliza.

Nikamtazama baba. Baba akajikuna kidevu, kama bingwa anayekumbuka vitabu vyake.

"Inategemea lainingi," akasema. "Hizi ni nene. Na mimi siendi mbali, naenda sokoni, naenda kwa daktari, naenda kutazama watu. Kwa mwendo huo hazina haraka. Inaweza kuwa muda mrefu sana."

Akanyoosha mkono wenye ufunguo kuelekea kwangu. Haukunifikia sawasawa, nikasogea mimi. Halafu akazunguka mbele ya gari, kiganja chake kikifuata bati lote la boneti hadi upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akaufunga taratibu. Akateremsha kioo, akaweka kiwiko nje. Kwa mtu aliyemtazama kutoka ukutani, alikuwa tajiri aliyepata dereva.

Nikakaa nyuma ya usukani. Kiti chake kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake, nikawa nimekaa kama nimevaa suruali ya mtu. Nikawasha. Nikaingiza gia, ikakwaruza.

"Taratibu," baba akasema. "Huyo si wa gereji."

"Ndiyo, baba."

"Na ukifika kona piga honi, usisubiri nikwambie."

Nilikuwa nimeanza kuhesabu hasara yangu: sokoni, kwa daktari, na kutazama watu, na baba ana watu wengi. Gereji yangu, Jumamosi zangu, sauti hii pembeni yangu inakwaruza kuliko gia. Fundi ambaye gari halijawahi kumshinda, sasa ni dereva wa mzee mmoja, bila likizo, mpaka lainingi zizoee, na lainingi hizo baba hatakubali zizoee. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama akapanda na mkoba wake, amejifunga mtandio wa kutokea, akakaa katikati ya kiti kwa raha, akaupanga mkoba mapajani.

Baba hakugeuka. "Wewe unakwenda wapi?"

"Kuzoesha breki," mama akasema. "Mmesema ni mguu mmoja. Hamkusema ni abiria mmoja."

Nikaliona kwenye kioo cha juu tabasamu la mama linatafuta mahali pa kujificha, na pembeni yangu mkono wa baba ukienda taratibu hadi kwenye redio ya Bi Mkubwa, ukaipata kwa kupapasa, ukaiwasha.

"Haya, dereva," mama akasema. "Tunachelewa."

"Tunachelewa wapi, mama?"

"Sijui. Muulize mwenye gari."